Ndoa ya jinsia moja ughaibuni na uraia pacha: anzia wapi, malizia wapi

Naandika hii mara moja ili nisiwe narudia, maana haipiti wiki bila mtu kuniuliza "tukienda kufunga ndoa nchi fulani, mwenzangu anapata paspoti?" Hapati. Cheti cha ndoa ni kitu kimoja, kibali cha kuishi ni kitu cha pili, uraia ni kitu cha tatu, na kila kimoja kina ofisi yake, fomu zake na foleni yake. Mimi na mwenza wangu tulizichanganya hizi tatu mwanzoni, tukalipa ada mbili mbili na kutafsiri karatasi zilezile upya, kwaiyo naongea kitu nilichokiona.

Hii ni kwa wenza wa jinsia moja ambao angalau mmoja katoka nchi isiyoitambua ndoa yenu, na mnataka kuishi pamoja sehemu inayoitambua, alafu mbele ya safari mpate uraia wa pili bila kuupoteza wa kwanza. Kama nyote wawili mna paspoti za Uholanzi nendeni tu manispaa, hamna cha kusoma hapa.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Paspoti isiyokaribia kuisha. Mimi nasema iwe na mwaka mzima mbele, kwa sababu ikiisha katikati ya maombi ni kizungumkuti.
- Cheti cha kuzaliwa kile kirefu chenye majina ya wazazi. Kile kifupi kinakataliwa sehemu nyingi.
- Hati inayoonyesha hauko kwenye ndoa nyingine. Kama ulishawahi kuoa au kuolewa, hukumu ya talaka iliyokamilika au cheti cha kifo.
- Ushahidi wa uhusiano wenu, anza kuukusanya leo: tiketi za safari, mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja, picha zenye tarehe.
- Hela ya pembeni ya tafsiri, mihuri na kutuma vifurushi. Watu wanapiga hesabu ya ada ya viza tu, kumbe hivi vidogo vidogo ndo vinavyomaliza mfuko.
- Folda moja, na nakala zake sehemu yenye nywila ambayo ndugu hawaifungui. Kwa baadhi yenu hili la mwisho ndo muhimu kuliko yote.

Hatua zenyewe

1. Andika nchi tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni mtakapofunga ndoa, ya pili mtakapoishi, ya tatu ni ile ya paspoti uliyonayo sasa. Inaweza ikawa nchi moja, inaweza ikawa tatu tofauti, ila kila moja iulize swali lake. Ya kwanza: je, wageni wanaruhusiwa? Ya pili: je, inaitambua ndoa iliyofungwa kwingine? Ya tatu: je, ndoa hii inaweza kuniweka matatani?

Uholanzi ndo ilianza, tarehe 1 Aprili 2001. Ubelgiji ikafuata 2003, Hispania na Kanada 2005, Afrika Kusini 2006 (Afrika ni hiyo peke yake), Ufaransa 2013, Marekani nchi nzima kuanzia Juni 2015, Ujerumani 1 Oktoba 2017, Taiwan 2019, Ugiriki 2024, Thailand 23 Januari 2025. Italia bado haina ndoa, ina muungano wa kiraia tangu 2016, na ukipeleka kule cheti cha ndoa ya nje wanakiandika kama muungano, ila usiudharau maana kwenye hesabu ya uraia unahesabiwa sawa na ndoa.

Sasa hilo swali la tatu usilipite haraka haraka. Nchi zaidi ya 60 bado zina sheria ya jinai dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na baadhi zimeigusa ndoa yenyewe. Nigeria, kwa mfano, sheria yake iliyosainiwa Januari 2014 inatoa hadi miaka 14 jela kwa aliyeingia kwenye ndoa ya aina hii. Kwa mtu wa huko cheti cha ndoa ni ushahidi, kwaiyo hakipandi kwenye begi la kurudi nyumbani, na hakipelekwi ubalozini kwao "kusajiliwa" eti kwa sababu fomu fulani imesema msajili ndoa ya nje.

2. Kagua uraia pacha pande mbili. Wengi wanauliza "nchi mpya inaruhusu uraia wa nchi mbili?" wakiambiwa ndiyo wanashangilia. Umeuliza nusu. Nusu nyingine ni nchi yako ya zamani itafanya nini siku ukila kiapo cha pili. India na China haziruhusu, ukichukua uraia mwingine wa kwao umeuaga. Upande wa kupokea, Ujerumani ilifungua mlango kuanzia 27 Juni 2024, kabla ya hapo wengi walilazimika kuachia wa kwanza. Uholanzi kwa kawaida inataka uachie, ila aliye kwenye ndoa na raia wa Uholanzi kasamehewa sharti hilo. Hispania inakutaka utamke kuachia, isipokuwa kama umetoka nchi za Amerika ya Kilatini, Ureno, Ufilipino, Guinea ya Ikweta na nyingine chache. Uingereza, Kanada, Ufaransa na Marekani hazikudai urudishe paspoti ya zamani.

Na kuna nchi ambazo ukiomba ruhusa KABLA ya kuchukua uraia mpya unabaki na wa zamani, ukiomba baada umechelewa. Afrika Kusini ilikuwa hivyo tangu 1995, watu wakawa wanajua wamepoteza uraia siku wamekwenda kuomba paspoti mpya, yani uko dirishani unaambiwa wewe siyo raia tena. Mahakama ya Katiba ya huko ilikifuta kifungu hicho tarehe 6 Mei 2025, na kusema hakikuwa halali tangu siku kilipoanza. Usingoje mahakama ikuokoe, soma sheria ya uraia ya kwenu mwenyewe, kile kipengele cha "kupoteza uraia". Mara nyingi hakizidi ukurasa mmoja.

3. Chagua pa kufungia ndoa, na uulize talaka hapohapo. Najua haipendezi kuuliza talaka wakati mnachagua pete, uliza tu. Nchi nyingi zinakuozesha ukiwa mtalii ila kukuachanisha zinataka uwe mkaazi, na nyumbani kwenu hawawezi kuivunja ndoa ambayo kwao haipo. Mnabaki mmefungwa kamba isiyo na wa kuifungua. Kanada iliwakuta watu wa hivi wengi, talaka yao inataka mmoja awe ameishi kwenye jimbo mwaka mzima, mpaka 2013 wakatunga sheria maalumu ya kuwaachanisha wasio wakaazi ambao kwao ndoa haitambuliwi. Las Vegas unafunga ndoa siku moja, ila talaka ya Nevada, jimbo lenye mji huo, inataka mmoja wenu awe ameishi pale wiki 6.

Kwa wageni wasio wakaazi, Denmark ndo njia inayotumika sana Ulaya. Tangu 2019 maombi yanapitia ofisi moja inaitwa Familieretshuset, wakiwakubali wanatoa hati ya kuruhusiwa ambayo inaishi miezi 4, mnapanga tarehe na manispaa mnayoitaka. Raha yake nyingine, cheti chao kinatoka kikiwa na lugha tano kwenye karatasi moja, kwaiyo tafsiri mara nyingi unaikwepa.

Ndoa za mtandaoni kupitia kaunti ya Utah, Marekani, nazo zipo, watu wanaozeshwa kwa video kila mmoja yuko nchi yake. Angalizo: ni ndoa halali ya Utah, lakini uhamiaji wa Marekani hauihesabu kama hamkuwa pamoja kimwili wakati wa kufungwa, mpaka mkutane baadaye na ndoa ikamilike kama mke na mke au mume na mume, na mtatakiwa kuonyesha ushahidi wa kukutana huko. Nchi nyingine zina msimamo wao, uliza nchi ya pili kwenye ile karatasi yako kabla hujalipa.

4. Hati ya kutokuwa na ndoa: iombe bila kutaja mwenza. Hapa ndo penye mtego kwa mtu wa nchi yenye sheria kali. Baadhi ya ofisi zina fomu mbili, moja inasema tu "fulani hajaoa wala kuolewa", nyingine inasema "hana kizuizi cha kufunga ndoa NA fulani", na kwenye ya pili unajaza jina, jinsia na paspoti ya mwenzako. Chukua ile ya kwanza. Kama hakuna, uliza nchi ya kufungia ndoa kama inakubali hati ya kiapo mbele ya wakili, nyingi zinakubali, hasa ukieleza kwa maandishi kwamba nchi yako haitoi hati hiyo kwa ndoa za jinsia moja. Wanajua, hamtakuwa wa kwanza.

Nakushauri pia uzichukue nakala zako za cheti cha kuzaliwa mapema, mbili au tatu, kabla hujamwambia mtu yeyote habari za ndoa. Kumtuma binamu akakuchukulie baadaye, wakati habari zimeshafika ukoo mzima, siyo kazi ndogo.

5. Apostili, tafsiri, na TAFADHALI usitoe pini. Apostili ni ule muhuri au karatasi inayothibitisha kwamba hati ya nchi moja ni halisi mbele ya nchi nyingine, unatokana na mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba, muhuri mmoja unatosha. Kama moja haimo, hati inapita mlolongo: wizara ya mambo ya nje ya kule ilikotoka, alafu ubalozi wa kule inakoenda. Mpangilio ni hati kwanza, apostili pili, tafsiri mwisho, kwa sababu mtafsiri aliyeapishwa anatakiwa aitafsiri na apostili yenyewe. Ukitafsiri kwanza utatafsiri tena.

Habari ya pini ni hii. Yetu ilikuja karatasi mbili zimebanwa kwa pini kwenye kona, kona ikakunjwa na muhuri ukapigwa juu ya mkunjo. Mimi kwa usafi wangu nikaichomoa ile pini ili skana isikwaruze, nikaskani vizuri, nikabana tena na pini nyingine. Dada wa dirishani akaishika, akaigeuza, akaona matundu mawili ya ziada kwenye kona, akairudisha bila hata kusoma kilichoandikwa. Miezi miwili ikaenda. Skani ikiwa imekunjwa hivohivo, au piga picha kwa simu.

6. Iandikishe ndoa kwenye nchi ya mwenza aliye raia, kama nchi hiyo inataka. Ufaransa na Hispania zinataka ndoa ya nje iingizwe kwenye rejesta zao kwanza, na bila hiyo faili lenu haliendi mbali. Uingereza na Marekani hazina rejesta kama hiyo, cheti mlichopewa ndo hichohicho kinatumika, kwaiyo akitokea dalali anawadai hela ya "kusajili ndoa ubalozini Marekani", kimbieni.

7. Ombeni kibali cha kuishi. Kila nchi ina yake, nataja zinazoulizwa sana.

Marekani inaangalia kitu kimoja: je, ndoa ilikuwa halali pale ilipofungwa? Kama ndiyo, basi, hata kama nyumbani kwenu haitambuliwi, na imekuwa hivyo kwa wenza wa jinsia moja tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2013. Raia anajaza I-130, fomu ya kumwombea mwenza. Ambao hamjafunga ndoa kuna viza ya mchumba, K-1, ukiingia una siku 90 za kufunga ndoa na huyohuyo aliyekuombea. Kwa wale ambao kufunga ndoa kwao ni hatari na kwenda kufungia nchi nyingine hawapati viza, hii ndo njia, mnafungia kulekule.

Uingereza inaangalia mfuko, kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kwa waombaji wapya tangu Aprili 2024, au akiba kubwa inayoziba pengo.

Kanada ina kundi ambalo wengi hawalijui: mwenza ambaye hamjaoana wala hamjaweza kuishi nyumba moja kwa sababu ya vizuizi vilivyo nje ya uwezo wenu, mfano sheria ya nchi yenu au kunyimwa viza. Mnatakiwa muwe na uhusiano wa dhati angalau mwaka mmoja, na muonyeshe kwa nini hamkuweza kuoana wala kuishi pamoja. Msidhani ni njia ya mkato, wanachimba sana.

8. Usaili na ushahidi. Kosa kubwa ni kupeleka picha mia tatu za siku mbili. Picha kumi za miaka mitatu zinaongea zaidi. Tatizo letu sisi ni kwamba wengine tumeishi kwa kujificha, hatuna picha na wakwe, hatukuwahi kuandika majina yote mawili kwenye mkataba wa nyumba, meseji tulikuwa tunafuta. Usitunge ushahidi! Andika barua ueleze kwa nini haupo: tuliishi wapi, sheria inasemaje, nani alikuwa anajua. Alafu omba watu wawili watatu wanaowajua waandike viapo vyenye mambo mahususi, "walikuja kwangu Desemba, walilala siku nne, mmoja alikuwa anaumwa jino", hayo ndo yanaaminika kuliko "nawafahamu, wanapendana sana".

Kwenye usaili jibu unachokumbuka. Mwenza wangu aliulizwa rangi ya pazia la chumbani akasema hajui, kweli hajui, mpaka leo hajui. Tulipita.

9. Sasa hesabu miaka ya uraia. Marekani, miaka 3 ya ukaazi wa kudumu ukiwa unaishi kwenye ndoa na raia. Uingereza, miaka 3 ya kuishi pale na uwe umeshapata ukaazi wa kudumu, na huo ukaazi kwa viza ya mwenza huchukua miaka 5, ndo maana kiuhalisia hesabu ni tano. Ujerumani, miaka 3 ya kuishi na ndoa iwe na miaka 2. Ufaransa, miaka 4 ya ndoa, inakuwa 5 kama hamkuishi pale vya kutosha. Hispania, mwaka 1 tu wa ukaazi halali. Italia, miaka 2 ukiishi kule au 3 ukiwa nje, na mtihani wa lugha ya Kiitaliano ngazi ya B1, yani ya kati. Kanada haikupi punguzo kwa ajili ya ndoa, ni siku 1,095 ndani ya miaka 5 kama mtu mwingine yeyote. Weka daftari la safari zako, tarehe ya kutoka na ya kurudi, utalishukuru.

10. Ukishapata paspoti ya pili, tulia kwanza kabla ya kubadili jina. Ukichukua jina la ukoo la mwenza kwenye paspoti mpya, ile ya zamani itabaki na jina la zamani, na nchi yako haitalibadili kwa cheti ambacho kwao hakipo. Una paspoti mbili zenye watu wawili tofauti. Tiketi imekatwa kwa jina gani? Viza je? Mimi nilibaki na jina langu, sijajuta.

Jambo jingine, ukiingia nchi yako ya zamani, kwa macho yao wewe ni raia wao tu. Paspoti yako nyingine haikuchomoi kwenye sheria zao, na ubalozi wa nchi yako ya pili unaweza kuzuiwa hata kukuona ukikamatwa. Nimeshuhudia mtu anajiamini kwa sababu ya rangi ya paspoti, nikamwambia kaa chini tuongee.

Mambo yakikwama

Majina hayafanani kwenye hati. Herufi moja ikizidi, usisahihishe mwenyewe kwa kalamu. Apa kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kipigiwe apostili, kiambatishe kila mahali.

Nchi ya Umoja wa Ulaya inakataa kumpa mwenza wako kibali kwa sababu haina ndoa ya jinsia moja. Kama wewe ni raia wa Umoja na mlijenga maisha kwenye nchi nyingine mwanachama, taja hukumu ya Coman ya tarehe 5 Juni 2018, kesi dhidi ya Romania. Mahakama ya Umoja ilisema neno "mwenzi" kwenye sheria ya uhuru wa kutembea linawahusu na wa jinsia moja. Andika namba C-673/16 kwenye barua yako, maafisa wengine hawaijui kabisa.

Ndoa imevunjika kabla ya uraia. Marekani, kama ndoa ilikuwa haijafika miaka 2 siku unapata ukaazi, ulipewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, na fomu I-751 mlitakiwa mjaze wote wawili. Ukiwa umeachika unaijaza peke yako na kuomba msamaha wa sharti hilo, ukionyesha ndoa ilikuwa ya kweli. Kwaiyo zile tiketi na bili za pamoja usizichome kwa hasira.

Mtoto kazaliwa nje na ofisi inasema mzazi wa pili "hayupo". Marekani, tangu Mei 2021, mtoto wa wazazi walio kwenye ndoa anahesabika kama mmoja wao ni raia na mtoto ana uhusiano wa damu au wa kubebwa mimba na mmojawapo, siyo lazima awe yule raia. Ulaya kuna hukumu ya Desemba 2021 iliyotoka kwenye kesi ya mama wawili, mmoja raia wa Bulgaria, na mtoto aliyezaliwa Hispania, Bulgaria ikaambiwa impe mtoto hati ya kusafiria. Kokote mlipo, kama mzazi wa pili hana damu na mtoto na sheria ya pale inaruhusu, fanyeni na kuasili kabisa mahakamani. Inauma kumuasili mtoto wako mwenyewe, lakini hukumu ya mahakama inavuka mipaka kirahisi kuliko cheti cha kuzaliwa chenye mama wawili.

Maombi yamekataliwa na barua haieleweki. Tafuta sentensi yenye namba ya kifungu, hiyo ndo sababu, mengine ni maneno ya kujazia ukurasa. Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa kabla hujaanza kulia, kuna sehemu ni siku 14 tu, na siku ya kwanza inahesabiwa toka barua ilipotumwa hata kama wewe umeifungua wiki iliyofuata.